Hivi korona ina msimu wake kama mafua ya kipupwe, au jua letu lilituongopea?

Mzee wa Maabara

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye daladala ya Mbagala kijana kapiga chafya tatu mfululizo. Mama wa siti ya mbele akasukuma dirisha: "Ndiyo msimu wake huu." Konda akadakia, "Msimu wa nini mama, mafua au korona?" Gari zima likacheka. Mimi nimeshinda na swali la konda siku mbili. Nimekaa maabara miaka kumi na tisa, nimepokea sampuli za vifua vibovu kila mwezi wa mwaka, na bado sina jibu la neno moja.

Kumbukeni mwanzoni mwa 2020. Kila mtu alikuwa mtabiri wa hali ya hewa. Februari mwaka ule Donald Trump, akiwa rais, aliwaambia Wamarekani kwamba Aprili joto likipanda kirusi kitajiondokea. Huku kwetu tukasema jua la Afrika halichezewi. Waliojifukiza nyungu za mwarobaini na michaichai wengi wao walikuwa na imani ileile: ugonjwa huu ni wa baridi, upe joto ufe.

Sasa angalieni ramani. Guayaquil, mji wa bandari huko Ecuador, uko nyuzi kama mbili tu kusini ya ikweta, na Machi yake ni joto na unyevu kama Machi ya Dar. Mwishoni mwa mwezi huo na Aprili 2020, familia zilikaa na maiti majumbani siku kadhaa kwa kukosa wa kuja kuzichukua, nyingine zikatolewa barabarani. Manaus, katikati ya msitu wa Amazon, Aprili hiyohiyo watu walizikwa kwenye mitaro iliyochimbwa kwa mashine, na Januari 2021 hospitali zake zikaishiwa oksijeni. Delhi mwezi Aprili na Mei hufikia nyuzi 40. Ni katika miezi hiyo hiyo ya 2021 ambapo India ilipita maambukizi mapya laki nne kwa siku moja.

Hoja yangu, na mnipinge: msimu upo, hata kwa kirusi hiki. Ila kikiwa kipya hakiuulizi.

ndimu_kali

Nimeweka kambi hapa. Ngoja wajuvi waje.

Kipanga77

Mzee heshima yako, lakini umechagua mifano inayokufaa. Mimi nina mitatu. Moja, mafua ya Ulaya yanakuja kila baridi, hilo hata mtoto wa huko anajua. Pili, korona ya Ulaya na Marekani ilipiga vibaya kabisa baridi ya 2020 kuingia 2021. Tatu, Afrika Kusini wimbi la kwanza lilifika kileleni Julai 2020, na lile la aina ya Delta Julai 2021. Julai ndiyo baridi yao. Hapo unasemaje? Kirusi kinapenda baridi, basi. Guayaquil ilikuwa ajali ya watu kutojipanga.

Mzee wa Maabara

Kipanga, mfano wako wa tatu ni mzuri, ila umeukata nusu. Afrika Kusini ilikuwa na mawimbi manne makubwa katika miaka miwili ile. Julai 2020. Januari 2021. Julai 2021. Desemba 2021. Januari na Desemba Durban watu wako baharini wanaogelea! La Januari lilibebwa na aina ya Beta, la Desemba ni Omicron, ambayo wanasayansi wa hukohuko kusini ndio waliotangulia kuitangazia dunia Novemba 2021. Ukitazama tu Julai mbili utaona msimu wa baridi. Ukitazama yote manne utaona kitu kinachorudi kila baada ya kama miezi sita, jua liwepo lisiwepo.

Lakini nisikuonee. Hoja ya baridi ina mashiko, na imepimwa. Mwaka 2007 Anice Lowen na Peter Palese, pale chuo cha tiba cha Mount Sinai, New York, waliwaweka simbilisi (guinea pig, wanyama wadogo wa maabara) kwenye vizimba, wagonjwa wa homa ya mafua upande mmoja na wazima upande mwingine, wakawa wanabadilisha joto na unyevu wa hewa. Kwenye nyuzi 5 na hewa kavu, mafua yaliruka kutoka kizimba hadi kizimba bila shida. Kwenye nyuzi 30 hayakuruka kwa njia ya hewa. Wengi wanaishia hapo kusimulia. Kikundi hichohicho kilirudi baadaye kikawachanganya simbilisi kizimba kimoja, wanagusana na kulala pamoja, kwenye nyuzi zilezile 30: wakaambukizana vizuri tu.

Kwa hiyo joto linaziba mlango mmoja, mwingine unabaki wazi. Na sisi tunaopanda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni tunajua tuko kizimba gani.

Sababu za baridi kuwa rafiki wa virusi vya njia ya hewa ziko kadhaa. Hewa ikikauka, vitone vya mate na kamasi hupungua uzito, huelea muda mrefu. Utando wa pua hukauka pia, na zile nywele ndogondogo zinazosukuma ute kuutoa nje zinafanya kazi kwa uvivu. Jua linapungua, na mionzi yake ndiyo inayoua virusi vilivyo nje. Halafu watu wanafunga madirisha. Kwangu hili la mwisho ndilo kubwa, na ndilo lisilo na uhusiano wa lazima na baridi.

Mswahili wa Muttrah

Assalaam aleikum ndugu zanguni. Hilo la madirisha niachieni mimi.

Huku Muscat msimu wetu wa kujifungia ni kiangazi. Juni na Julai kiyoyozi hakizimwi, dirisha halifunguliwi, watu kumi na wawili sebuleni na sahani moja ya wali. Ikifika Disemba na Januari ndiyo watu wanatoka, wanakwenda jangwani na watoto, wanakaa ufukweni mpaka usiku. Sasa mtu wa Ulaya akisema "baridi watu hukaa ndani," sisi twamwambia umepindua kalenda. Oman ilipata taabu kubwa Julai 2020, na Juni ya 2021 ikawa zaidi, vyumba vya wagonjwa mahututi vimejaa, na nje hapashikiki kwa joto.

Halafu msisahau MERS, binamu yake korona. Imejulikana tangu 2012 huko Saudia, inatoka kwa ngamia. Ingekuwa joto laua jamii hii ya virusi, ingekwenda kuzaliwa kwingine, si Bara Arabu.

Kipanga77

Sheikh umenipata hapo kwa viyoyozi. Lakini MERS si inaenda kwa ngamia? Haiambukizi watu hovyo.

Mswahili wa Muttrah

Kweli, mtu kwa mtu huenda kwa shida, mara nyingi ni hospitalini. Lakini 2015 msafiri mmoja alitoka nayo Ghuba akaifikisha Korea Kusini, wakaugua watu 186, wakafa 38. Ilikuwa Mei mpaka Julai, si baridi ya Korea hiyo.

Mama Junia

Naomba niulize bila kuchekwa. Kama msimu upo, kwa nini kirusi kipya hakiufuati? Mzee umesema "hakiuulizi" ukapita kama treni ya mwendokasi. Fafanua.

Mzee wa Maabara

Swali ndilo hilo mama, na jibu lake ni hesabu ya darasa la tano.

Korona ya mwanzo kabisa, mgonjwa mmoja aliambukiza kama watu wawili mpaka watatu. Tuchukue watatu. Tuseme msimu mbaya kwa kirusi (joto, unyevu, madirisha wazi) unampunguzia theluthi nzima ya nguvu. Ni punguzo kubwa sana hilo. Watatu wanakuwa wawili. Wagonjwa 100 wanazaa 200, hao 400, hao 800. Msimu umefanya kazi yake, na bado moto unawaka. Mtu aliye Guayaquil haoni punguzo, anaona majeneza.

Sasa njoo miaka michache baadaye. Karibu kila mtu ameugua au amechanjwa, mara nyingi vyote viwili. Mgonjwa mmoja sasa anaambukiza, tuseme, mmoja na pointi mbili. Punguza theluthi ileile: inabaki pointi nane. Wagonjwa 100 wanakuwa 80, kisha 64, kisha 51. Moto unazimika. Msimu ukigeuka, 100 wanakuwa 120, kisha 144, kisha 173. Msimu ni uleule, punguzo ni lilelile, lakini safari hii ndilo linaloamua.

Namba za mfano ni zangu, ila hoja si yangu. Watu wa Chuo Kikuu cha Princeton, Rachel Baker na wenzake, waliiandika kwenye jarida la Science Mei 2020, wakati wengine wakisubiri kiangazi kiokoe jahazi: wasio na kinga wakiwa wengi mno, hali ya hewa haiwezi kuzuia wimbi la kwanza. Wenzao wa Harvard mwezi mmoja kabla walikuwa wamechukua korona mbili zinazoleta mafua ya kawaida, OC43 na HKU1, zinazozunguka miaka yote na kupanda kila baridi huko kwao, wakazitumia kupiga hesabu kwamba hii mpya nayo huenda ikaishia kuwa hivyo. Huenda, baadaye.

binti_kisauni

Jamani mmenitajia jahazi, na mimi ni mtu wa Mombasa, siwezi kunyamaza.

Babu yangu alikuwa nahodha. Enzi zao chombo kilingoja upepo: kaskazi chaleta vyombo kutoka Arabuni, kusi yavirudisha. Huwezi kubishana na upepo. Kisha zikaja mashine. Chombo cha mashine chatoka siku yoyote, kusi au kaskazi, upepo wakipunguzia tu mwendo au wakiongezea. Mafuta yakiisha katikati ya bahari ndipo nahodha aukumbuka upepo, atweka tanga.

Kirusi kipya ni chombo cha mashine. Mafuta yake ni watu wasio na kinga.

Mimi ni muuguzi wa watoto, na ninayoyaona wodini si korona sana, ni RSV, hiki cha kubana vifua vya vichanga. Hicho ni chombo cha tanga hasa. Watafiti wa Kilifi wamekifuatilia zaidi ya miaka ishirini, kila mwaka huanza kupanda mwishoni mwa mwaka na kuendelea mpaka miezi ya mwanzo. Angalieni vizuri: hiyo ni kaskazi! Ndiyo miezi yetu ya joto. Kirusi kilekile Uingereza ni cha baridi. Kwa hiyo hata virusi vyenye adabu ya msimu, msimu wao huku si wa kipimajoto cha Ulaya.

Na homa ya mafua yenyewe, hapa Kenya huipati mwezi mmoja ukasema ndio wake. Ipo mwaka mzima, yapanda yashuka.

ndimu_kali

Nahodha kaacha mjukuu. Nasogeza kiti mbele.

Kipanga77

Mfano wa mashine nimeupenda kuliko hesabu. Ila nahodha, sasa kwa nini chombo hiki hakiishiwi mafuta? Miaka imepita na bado kinatembea.

binti_kisauni

Kwa sababu kila mara mtu akiletea pipa jipya. Beta, Delta, Omicron, na JN.1 iliyotamba Disemba 2023 kuingia 2024. Kirusi kibadilikapo, kinga ya jana yawa nusu kinga, na watoto wazaliwa, na miili yasahau. Omicron kwetu ilikuja kwa kishindo Disemba 2021 katikati ya joto la kaskazi na sherehe za Krismasi. Sasa hapo useme ni hali ya hewa, ni pipa jipya, au ni watu waliopanda mabasi kwenda kwao?

Otis wa Umoja

Huyo dada amenifungulia mlango. Nairobi tunajua Julai ni baridi ya kuvaa sweta mbili, na wimbi letu la kwanza lilifika juu kati ya Julai na Agosti 2020. Mtaani kila mtu alisema, si mnaona, ni baridi. Nami nilisema hivyo.

Halafu Novemba 2020 likaja la pili. Machi na Aprili 2021 la tatu. Agosti la Delta. Disemba la Omicron. Matano, na yamesambaa kwenye kalenda kama mbegu za mahindi.

Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao walichapisha maelezo ya hayo kwenye Science Oktoba 2021, na hakuna thermometa ndani yake. Wimbi la kwanza, walisema, liliwapata zaidi watu wa kipato cha chini, wale ambao serikali ikisema kaa nyumbani wanauliza nyumba itakula nini. Wenye uwezo walijifungia kweli. Walipotoka, usafiri ukarudi na shule zikaanza kufunguliwa, likawa zamu yao, ndilo wimbi la pili. La tatu likaletwa na aina mpya. Nikiwa fundi wa mabomba Umoja, nilisoma muhtasari wake nikajiona humo. Mwezi Mei 2020 nilikuwa kazini kila siku, matatu imejaa, barakoa moja ya wiki nzima.

Na msidhani tulikuwa wachache. Damu za wachangiaji zilizopimwa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020 zilionyesha asilimia 4.3 walikuwa na kingamwili. Wakati huo kesi zilizotangazwa ni elfu chache tu. Kirusi kilikuwa kimeshapita nyumba kwa nyumba kabla baridi ya Julai haijatuuma.

Kipanga77

Otis, hiyo imenikata maini. Kumbe "msimu" mwingine ni wa mfuko.

Basi nibaki na kimoja: mmesema kikishapoa kinatii msimu. Kuna kirusi gani kipya kilichowahi kufanya hivyo mbele ya macho ya watu? Msinipe makisio.

Mzee wa Maabara

H1N1 ya 2009, ile mafua ya nguruwe. Ilionekana Aprili Mexico na California, wakati msimu wa mafua wa huko unafunga duka. Ikaenea kiangazi chote cha kaskazini. Marekani ilifika kileleni Oktoba, ilhali mafua yao ya kila mwaka hungoja Desemba mpaka Februari. Huo ndio utovu wa adabu wa chombo cha mashine. WHO ilitangaza janga Juni 2009, ikalifunga Agosti 2010. Na leo? Kizazi cha kirusi kilekile ni moja ya homa za mafua za kila mwaka, kinakuja na baridi kama ndugu zake, kimo kwenye chanjo ya msimu. Kilitii.

Homa ya mafua ya 1918 pia: wimbi baya kuliko yote Ulaya na Marekani lilikuwa Septemba mpaka Novemba, mapema kuliko kawaida ya mafua. Kwetu iliingilia bandari ya Mombasa Septemba hiyohiyo, ikapanda na watu waliokuwa wakirudi kutoka vitani. Haikungoja kipupwe cha mtu.

Na kuna jaribio jingine ambalo hakuna aliyelipanga. 2020 dunia ilipojifungia, homa ya mafua karibu itoweke. Tawi moja lake, B/Yamagata, halijaonekana kwa uhakika tangu Machi 2020. RSV nayo ikakosa baridi yake, halafu ikafumuka kwenye kiangazi: Australia mwishoni mwa 2020 kuingia 2021, Marekani katikati ya 2021. Virusi vyenye msimu wa miaka nenda rudi vikapoteza kalenda, kwa sababu vichanga wa mwaka mzima hawakuugua na mafuta yakajaa tangini. Jua halikubadilika mwaka ule. Watu ndio walibadilika.

Mama Junia

Na korona yenyewe sasa iko wapi, tanga au mashine?

Mzee wa Maabara

Katikati, na hapo ndipo ninapokosa jibu la neno moja la kumpa konda. Marekani wanaona vilele viwili kwa mwaka: kimoja cha baridi, kingine kati ya Julai na Septemba. Mafua hayafanyi hivyo. Kwa maoni yangu ni kwamba kinga yetu dhidi yake inachuja haraka na chenyewe kinabadilika haraka, hakimalizi mwaka kwenye tangi moja. Kina tanga, na mashine bado inawashwa.

Kipanga77

Na Tanzania je? Tupe kalenda yetu basi, masika au kipupwe?

Mzee wa Maabara

Kipanga, hesabu zilizotangazwa zilisimama kwenye wagonjwa 509 mwanzoni mwa Mei 2020, zikarudi katikati ya 2021. Ukichora mstari juu ya pengo la zaidi ya mwaka unachora matamanio yako. Nikikuambia masika, mwingine ataniambia kipupwe, na wote wawili hatutakuwa na karatasi mkononi. Otis anaweza kubishana kuhusu wimbi la tatu na la nne kwa sababu kuna mtu alikaa akahesabu.

Mama Junia

Mimi ofisi yetu wametia kiyoyozi mwaka jana na madirisha wakayapigia misumari ili vumbi lisiingie. Watu kumi na mmoja. Tangu hapo mafua hayana mwezi. Nimechapa post ya sheikh wa Muttrah, kesho naibandika kwenye ubao wa matangazo.

Mswahili wa Muttrah

Bandika, lakini jina langu ulifute.

ndimu_kali

Misumari ya inchi ngapi? Nina koleo.